Leo Hakuna: Kula Ayalandi, Kutoka Dingle Hadi Dublin

MWANAIDI: Hamjambo wasikilizaji, karibuni tena. Mimi ni Mwanaidi, mtoto wa Tanga, huu mwaka wa tisa naishi Cork, mji wa kusini mwa Ayalandi. Mezani ninaye mdogo wangu Festo, katoka Dar kuja kunitembelea. Siku kumi na mbili yuko hapa, na siku kumi na mbili tunakula.

FESTO: Shikamoo dada, na wasikilizaji nawasalimu.

MWANAIDI: Marahaba. Haya, anza na lile lililokukaa moyoni.

FESTO: Dingle. Tumetoka Cork asubuhi, tukaendesha gari mpaka kule Kerry, nchi kavu inakoishia. Karibu na gati kuna kijumba kimepakwa rangi kali, kinaitwa Out of the Blue. Wameandika wazi kabisa kwamba hawauzi chipsi. Wanapika vya baharini tu, vibichi, na siku boti zisipoleta kitu hawafungui.

MWANAIDI: Nilikuona ulivyosimama ukisoma lile tangazo.

FESTO: Dada, mimi ni mtu wa Dar, nimekulia kwenye chipsi mayai. Samaki bila chipsi, na tuko Ulaya? Lakini nilipokaa nikakumbuka wauza samaki wa soko la Feri, pale Dar. Kuna yule anayekuwekea samaki wa juzi juu ya barafu na kukuapia kuwa ametoka baharini alfajiri. Na kuna yule anayekwambia, "Kaka, leo hakuna, kusi imechachamaa, njoo kesho." Huyo wa pili ndiye ninayerudi kwake miaka yote.

MWANAIDI: Basi hilo ndilo ninalomwambia kila mgeni wangu. Ayalandi, tafuta mahali panapothubutu kukwambia leo hakuna. Menyu fupi, imeandikwa ubaoni kwa chaki, na katikati ya chakula mtu anakuja kufuta jina la samaki kwa sababu wameisha. Hapo kaa. Mimi nimeshaumia. Mwaka wangu wa kwanza niliingia mgahawa mmoja kwenye mji uliojaa watalii, sitautaja. Menyu ilikuwa na kurasa nane: tambi, biriani, nyama ya kusaga, samaki, vyote. Nikaagiza ile supu yao nzito ya samaki, chowder. Ikaja unga mtupu, kijiko kinasimama. Samaki nilimtafuta kama ninayetafuta shilingi mchangani.

FESTO: Na ile ya Dingle?

MWANAIDI: Ah, ile uliimaliza hukusema neno! Supu ya kweli haifichi kitu. Viazi, kitunguu, maziwa na krimu, samaki mbichi na samaki wa moshi pamoja, kome wawili watatu na magamba yao. Ule moshi ndio unaobeba ladha. Ila nduguzangu Waislamu, nisikilizeni: ulizeni kabla. Wapishi wengine wanaanza kwa kukaanga vipande vya nguruwe mule ndani, na kome mara nyingi wanapikwa kwa mvinyo. Mimi nauliza kila mahali na sijawahi kununiwa. Wakati mwingine mpishi mwenyewe anatoka jikoni anieleze.

FESTO: Na ule mkate wa kahawia unaokuja pembeni. Nimeukuta kila mji.

MWANAIDI: Mkate wa soda. Ngano inayostawi hapa kwenye mvua hizi ni laini, haina ule mvutano wa kushikilia hamira vizuri. Magadi soda yalipofika madukani karne ya 19, wakayachanganya na maziwa ya mtindi yanayobaki baada ya kusukwa siagi. Uchachu ukikutana na magadi, povu linapanda, mkate unaumuka bila kusubiri. Na siagi wanapaka nene, usione haya.

FESTO: Sasa twende nyumbani kwako, Cork. Lile soko.

MWANAIDI: English Market. Limekuwepo tangu 1788. Ukiingia kwa mlango wa Princes Street unakuta paa la juu sana na chemchemi katikati, na ghorofani, kwenye baraza linalozunguka, kuna Farmgate Café. Wamo humo tangu 1994. Ninavyopapenda ni kwamba chakula kinanunuliwa pale chini, kwenye meza unazoziona ukiwa umekaa. Mara nyingine unamwona mtu wa jikoni anashuka ngazi na karai, anarudi nalo limejaa.

FESTO: Na pale ndipo nilipoagiza matumbo.

MWANAIDI: Waeleze vizuri, maana mimi sikugusa.

FESTO: Wanaita tripe and drisheen. Matumbo yamechemshwa taratibu na vitunguu ndani ya maziwa, meupe pee. Juu wanaweka drisheen, soseji ya damu. Wasikilizaji wetu wa Kenya watafikiria mutura. Mutura unaukata pale pale kwenye jiko la mkaa, umekauka nje, una pilipili na chumvi. Hii haijawahi kuona mkaa. Ni laini, inatetemeka ukiigusa kwa uma. Kijiko cha kwanza nilitafuta ndimu na pilipili, mkono ulikwenda wenyewe. Cha pili nikaanza kusikia utamu wa kitunguu na maziwa. Kufika katikati ya bakuli nilikuwa nimenyamaza. Supu ya utumbo ya nyumbani inakuamsha. Hii inakufunika blanketi.

MWANAIDI: Na kuna sababu chakula hiki kimebaki Cork. Mji huu ulikuwa bandari ya nyama ya chumvi na siagi. Ng'ombe walichinjwa hapa kwa maelfu, minofu ikatiwa kwenye mapipa kwenda kulisha meli za kivita za Waingereza na mashamba ya Karibi. Kilichobaki kwa watu wa mji ni ndani ya ng'ombe: matumbo, figo, damu. Wakajifunza kuvipika vizuri. Kwa hiyo Farmgate wakiendelea kukiweka kwenye menyu, huku vijana wengi hawakiagizi tena, mimi nawaheshimu sana.

FESTO: Kwetu pia, dada, mnofu ni wa mgeni, utumbo ni wa nyumbani.

MWANAIDI: Kwa asiyekula nyama, Cork ina Paradiso, iko tangu 1993, hakuna nyama wala samaki, na hata mla nyama hatoki analalamika. Si pa kila siku, pale nenda ukiwa na sherehe. Tuendelee, Galway.

FESTO: Galway nilitaka kuhamia! Mtaa ule wa Quay Street watu wanapiga muziki njiani. McDonagh's wapo pale tangu 1902, samaki na chipsi, unakaa meza moja na usiowajua. Na chini kando ya mto, karibu na Spanish Arch, ile nyumba ya mawe.

MWANAIDI: Ard Bia. Kwa Kiayalandi ard ni juu, bia ni chakula. Nenda asubuhi, saa nne hivi, kaa dirishani. Lakini mimi nataka uwaeleze kuhusu Moran's.

FESTO: Hapo ni kusini ya Galway, Kilcolgan, mahali mto unapoingia kwenye ghuba. Nyumba ya makuti, yaani ya nyasi, imepakwa chokaa nyeupe. Ukoo mmoja umeikalia vizazi saba. Nikaagiza chaza, sijawahi kula chaza maishani.

MWANAIDI: Alishika gamba kama ameshika simu ya mtu.

FESTO: Kwa sababu mle ndani kuna maji! Nikataka kuyamwaga, dada akanishika mkono. Kumbe yale maji ndiyo bahari yenyewe. Unakamua ndimu, unaona nyama inajikunja kidogo pembeni, unaegemeza kichwa, unatafuna mara mbili tatu, usimeze tu. Kwanza chumvi, halafu utamu, halafu mwishoni ladha kama ya shaba mdomoni. Mhudumu akatueleza kwamba chaza wao wa asili, wale bapa, wanaliwa kuanzia Septemba hadi Aprili. Miezi ya joto wanazaa, wanaachwa.

MWANAIDI: Umeona? Tena leo hakuna. Ukienda Julai watakupa chaza wa aina nyingine, wale wa kufugwa wenye gamba refu, na watakwambia wazi kwamba ni wa kufugwa. Galway wana tamasha la chaza kila Septemba tangu 1954, kwa ajili ya kufungua msimu huo. Na Waislamu wa Kishafii kama mimi, vya baharini ni halali, kula usiogope.

FESTO: Waterford tulipita haraka.

MWANAIDI: Haraka lakini kwa makusudi, tulifuata mkate. Blaa.

FESTO: Andazi la mviringo lisilo na sukari, niliseme hivyo? Jeupe, laini, juu limenyunyiziwa unga. Niliuma nikiwa nimevaa koti jeusi, nikatoka pale kama fundi wa lipu.

MWANAIDI: Inasemekana waliouleta ni Wahuguenoti, Waprotestanti waliokimbia Ufaransa mwisho wa karne ya 17. Tangu 2013 jina blaa linalindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya, halipewi mkate uliookwa nje ya eneo lile. Na hauwekwi mpaka kesho. Unaokwa usiku, unaliwa asubuhi, mchana umeshapoteza ule wepesi. Tuliingia saa sita kasoro, tukapata minne ya mwisho.

FESTO: Na hivyo ndivyo tulivyofika Dublin na njaa.

MWANAIDI: Dublin kila mtu ana orodha yake, mimi nitawapa pawili tu. Leo Burdock, Werburgh Street, mkabala na kanisa la Christ Church. Wanakaanga samaki tangu 1913.

FESTO: Hakuna pa kukaa, unafungiwa kwenye karatasi, siki inalowa mpaka kwenye vidole. Tulikula tukiwa tumesimama, mvua ya rasharasha, na sikutaka kiti. Ila dada, historia ya hawa wakaanga samaki ndiyo iliyonishika.

MWANAIDI: Wengi wao ni Waitaliano! Ukoo kwa ukoo, na sehemu kubwa wametoka eneo moja dogo, kijiji cha Casalattico na vijirani vyake, kusini ya Roma. Wanasimulia kwamba wa kwanza alikuwa Giuseppe Cervi, miaka ya 1880, na mkewe Palma alikuwa hajui Kiingereza, anaonyesha kwa kidole: moja ya hii, moja ya ile? Mpaka leo wazee wa Dublin wakitaka samaki na chipsi wanaagiza "one and one," yaani moja na moja.

FESTO: Mgeni akafika na lugha nusu, akaubadilisha mji unavyozungumza. Nililipenda sana hilo.

MWANAIDI: Mimi pia, kwa sababu zangu. Nilifika hapa nikiwa naonyesha kwa kidole vilevile.

FESTO: Pa pili ni kwangu. Glasnevin, ukuta mmoja na makaburi makubwa, kuna baa ya Kavanagh, ipo tangu 1833. Watu wanaiita Gravediggers, wachimba makaburi. Hakuna muziki, hakuna televisheni. Mbao zimekuwa nyeusi kwa umri. Nilikula coddle: soseji, nyama ya nguruwe, viazi na vitunguu vimechemshwa pamoja, mchuzi mweupe mwembamba. Kwa macho hakivutii. Lakini ukiwa umetoka kutembea makaburini kwenye upepo, kinaingia mpaka kwenye magoti.

MWANAIDI: Mimi nilikunywa chai, na nilikaa kwa raha kabisa. Nawaambia dada zangu, msiogope kuingia baa za huku kwa ajili ya chakula. Sigara zimepigwa marufuku ndani tangu Machi 2004, na Ayalandi ndiyo nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo kwa sehemu zote za kazi. Watoto wanaruhusiwa wakiwa na wazazi, mpaka saa tatu usiku, na miezi ya kiangazi mpaka saa nne. Ila jikoni wanafunga mapema. Ukizoea kula saa nne usiku kama Mombasa au Zanzibar, utalala njaa kwenye miji midogo.

FESTO: Na mfuko ukiwa mwembamba?

MWANAIDI: Kula mchana. Au wahi jioni mapema, sehemu nyingi wana bei nafuu kwa wanaofika kabla ya saa moja. Mpishi ni yuleyule.

FESTO: Kesho usiku narudi Dar.

MWANAIDI: Na soko linafunguliwa saa mbili asubuhi. Saa mbili na dakika moja tutakuwa mlangoni Princes Street, tukuchukulie jibini na ule mkate, na tukiwahi meza za juu unaweza kuagiza matumbo yako mara ya mwisho.

FESTO: Kama yapo.

MWANAIDI: Kama yapo. Wasikilizaji, kwaherini.