Jumatatu ya Pasaka, Bangkok

Bwana asifiwe. Asanteni kwa kunialika. Nimeambiwa baadhi yenu mnasubiri viza, wa Doha, wa Riyadh, wa Japani, na mnauliza Mkristo afanye nini nchi ya watu ikichafuka naye ni mgeni. Mimi nilifundisha Kiingereza Bangkok, Thailand. Nitawasimulia siku chache tu za huko.

Mwaka 2009 Pasaka iliangukia tarehe 12 Aprili. Kesho yake ilikuwa Songkran, mwaka mpya wa Wathai. Mashati mekundu, wafuasi wa Thaksin Shinawatra aliyepinduliwa na jeshi 2006, walikuwa barabarani wakitaka serikali ya Abhisit Vejjajiva iondoke. Novemba iliyotangulia, mashati ya njano, wapinzani wa Thaksin, ndio waliouteka uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi. Sisi Wakenya tulioishi kura ya maoni ya katiba ya 2005, chungwa huku na ndizi kule, tunajua rangi inavyomponza mtu. Nilikuwa nimeshonesha gauni la kitenge chekundu kwa ajili ya Pasaka. Lilibaki sandukuni.

Jumapili hiyohiyo ikatangazwa hali ya hatari. Alfajiri ya Jumatatu wanajeshi wakakabiliana na waandamanaji mtaa wa Din Daeng. Mama yangu, ambaye Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi wetu, ilikuwa bado mbichi moyoni mwake, alinipigia kutoka Nairobi: "Jifungie, mwanangu. Usimwamini mtu." Nikajifungia. Nikaomba: Bwana, nitoe hapa salama. Basi, hayo tu.

Saa nne hivi nikasikia hodi. Alikuwa bibi wa ghorofa ya chini, yule aliyewapa watawa chakula kila asubuhi. Kwa ishara na Kithai changu cha kuokoteza nikaelewa: usitoke hadi barabara kuu, lakini shuka kwangu, leo ni sikukuu.

Wengi huijua Songkran kwa vijana kurushiana maji mitaani. Nyumbani ni jambo la utulivu. Sanamu ya Buddha humwagiwa maji, kisha wadogo huwamwagia wakubwa maji mikononi, na wakubwa huwabariki. Niseme wazi, wapendwa: kwenye sanamu sikumwaga. Nilimweleza kwa upole kwamba mimi naabudu kwingine. Hakukasirika. Alivuta kiti, akaketi, akanyoosha mikono yake.

Nilichukua kibakuli cha fedha, maua ya asumini yakielea juu ya maji. Viganja vilikuwa vimekunjamana, kidole kimoja kina kovu la kisu. Maji yalipita katikati ya vidole, ua moja likanasa kwenye pete. Alinibariki, halafu akaanza kulia.

Huko Thailand, kila Aprili vijana wa kiume wa miaka 21 huitwa kuchomoa karata. Ukipata nyeusi unarudi nyumbani, nyekundu unakwenda jeshini. Mjukuu wake alikuwa amechomoa nyekundu. Asubuhi ile bibi hakujua kijana amepangwa mtaa gani. Na kwao, kaskazini mashariki, majirani wengi walikuwa mashati mekundu. Alinyoosha kidole juu, akanionyesha mimi, akakunja mikono: mwombe Mungu wako.

Nikaomba kwa Kiswahili, nimeshika mikono iliyolowa. Nilimwombea mjukuu, nikawaombea walioko upande wa pili wa bunduki yake. Yeremia aliwaandikia mateka wa Babeli wautakie amani mji waliopelekwa. Nilikuwa nimelisoma neno hilo tangu shule ya Jumapili, na bado maombi yangu ya asubuhi hayakuwa na mtu wa Bangkok hata mmoja ndani yake. Nadhani wengi wetu huombea uwanja wa ndege ufunguliwe. Siwalaumu, hofu ni hofu. Lakini utauombeaje mji ambao hujaingia nyumba yake hata moja? Maandamano muwaachie wenyeji, sheria za wageni ni kali. Hodi msiache kuitikia.

Na hapa kwetu pia. Tarehe 25 Juni 2024, Bunge letu lilipovamiwa na waandamanaji, nilipanda ghorofa ya tatu kumbishia hodi kijana wa Sudan Kusini aliyekuwa amehamia majuzi. Alikuwa amezima taa mchana kweupe. Tulikunywa chai ya rangi hadi usiku.

Tarehe 14 Aprili viongozi wa mashati mekundu walisitisha maandamano. Jumatano jioni bibi alipanda ngazi mbio, miguu mitupu, simu mkononi, akanibandika sikioni. Kijana aliongea Kithai harakaharaka, mimi nikamjibu Kiswahili, na bibi alisimama katikati yetu akicheka.