Jinsi Ubongo wa Mtoto wa Panya Unavyojichorea Ramani

Mabibi na mabwana,

Mtoto wa panya huzaliwa kipofu, hana manyoya, na macho yake hufumbuka takriban siku ya 15, wakati uleule anapoanza kutoka kiotani. Je, anapopiga hatua hizo za kwanza, ramani imo tayari kichwani, au huichora kadiri anavyotembea?

Ramani yenyewe iligunduliwa kwa panya wazima. Mwaka 1971 John O'Keefe wa London alieleza seli za hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, ambazo kila moja huamka panya anapofika mahali fulani tu; huitwa seli za mahali. Mwaka 2005 kundi la May-Britt na Edvard Moser, mjini Trondheim, Norwe, lilieleza seli za gridi, ambazo kila moja huamka katika sehemu nyingi zilizopangika kwa pembetatu sawasawa, sakafu nzima. Zipo pia seli za mwelekeo, zinazofuata upande ambao kichwa kimeelekea.

Mwaka 2010 watafiti wa miji hiyo miwili walitangaza vipimo vya vitoto vya panya katika toleo moja la jarida la Science. Seli za mwelekeo zilikuwa karibu sawa na za mzima tangu siku ya 16 hivi. Seli za mahali zilikuwepo, ila nyingi hazikutulia, nazo zilikomaa polepole. Gridi zilichelewa, na mpangilio wake ukaonekana wazi kuanzia siku ya 20 hivi, panya anapokaribia kuachishwa ziwa.

Mfuatano huo uliwatatiza wengi, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba seli za mahali hujengwa kutokana na gridi. Zinawezaje basi kutangulia? Jibu linaloniridhisha zaidi linatokana na kuta: kabla gridi hazijatokea, seli za mahali huwa sahihi zaidi ukutani kuliko katikati ya uwanja, na seli zinazotambua mipaka nazo huonekana mapema; huenda basi mwanzoni seli za mahali hutegemea mipaka, si gridi.

Kuhusu mwelekeo, vipimo vya mwaka 2015 vilionyesha jambo ambalo, kwa maoni yangu, linawapunguzia nguvu wote wanaobishana kama ramani ni ya kuzaliwa nayo au ya kujifunza. Kabla macho hayajafumbuka, seli za mwelekeo tayari hufanya kazi, lakini mwelekeo unaoonyeshwa na kila seli huhamahama. Hata hivyo zinahama kwa pamoja, huku tofauti ya pembe kati ya seli moja na nyingine ikibaki ileile. Macho yanapofumbuka, katika muda wa siku moja hivi, mfumo mzima hujifunga kwenye alama zinazoonekana.