Nani Kaivaa, Kaipitisha Wapi?

(Mazungumzo na wanafunzi wa ualimu, Chake Chake, Pemba)

Asalaam aleikum, wanangu, na walimu wenzangu mliowahi viti vya karibu na feni.

Nimeombwa nizungumze juu ya uhakiki wa fasihi, mwanafunzi anaanzia wapi na anafika vipi. Nitaanza na kanga. Msicheke. Hapa kwetu hata asiyekanyaga skuli anajua kuhakiki kanga. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na jina ndiyo yale maneno. Chukueni hili: "Japo sipati, tamaa sikati." Mume akimletea mkewe, ni bembelezo. Jirani akijifunga kanga hiyohiyo, akapita mara tatu mbele ya mlango wa mwanamke mwenzake, hapo bembelezo limekwisha, kuna jengine.

Bibi yangu akikaa barazani anasuka ukili, na hati hizi za Kirumi alikuwa hazijui. Kanga ikipita, maneno hayaulizi kwanza. Anauliza: nani kaivaa? Kaipitisha wapi? Jana kulikuwa na nini? Akishajibiwa ndipo anaposema, "Haya, nisomeeni, imeandikwaje?"

Nimelelewa na mhakiki huyo, kisha nikaenda skuli nikayasahau yote. Skuli nilipewa orodha: dhamira, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha, ujumbe. Nikikutana na shairi la tarbia, lile la mistari mine kila ubeti, nahesabu mizani, nane na nane, naandika "mshairi ametumia inkisari," yaani kafupisha neno, naweka nukta. Kaitumia kwa nini? Sikuulizwa, nami sikujiuliza. Na alama nilipata nzuri, ndiyo balaa yenyewe.

Sasa huyu kijana ninayetaka kukuhadithieni. Nilimsomesha miaka kadhaa nyuma, mtoto wa Kojani, watu wa bahari. Tulikuwa tunasoma Kuli, riwaya ya Adam Shafi iliyotoka 1979, ambayo ndani yake umo mgomo wa makuli wa bandari ya Unguja wa mwaka 1948. Insha yake ya kwanza alinisimulia kitabu tu: Rashidi kafanya hivi, halafu vile. Nilikuwa nimekisoma, sikuhitaji kusimuliwa. Ya pili alikwenda kuutafuta mgomo wenyewe uliotokea, akarudi kumsahihisha mwandishi kama karani anayekagua shehena. Wenzangu waliona kapotea. Mimi nilifurahi, kwa sababu alikuwa kaanza kubishana na kitabu. Nilimwambia tu kwamba mgomo ulikuwa wa kweli, lakini riwaya ina lake inalolitafuta, na karani hawezi kuitafutia.

Ya tatu, jamani! Alikuwa kagundua ishara. Basi kila kitu kikawa ishara: gunia ishara, bahari ishara, chai ya asubuhi ishara. Ugonjwa huo sote tumeuugua, na wapo wasomi wakubwa hawajapona. Dawa yake niliyonayo ni moja: nilichukua kalamu nyekundu, kila penye neno "ishara" nikaandika pembeni, "Nioneshe." Ukurasa gani, neno gani, limerudi mara ngapi, nani kalisema mbele ya nani. Alinichukia kwa muhula mzima. Akawa anakuja na kitabu kimejaa vipande vya karatasi, kimevimba kama mkate wa mofa.

Siku moja akanyoosha mkono. "Mwalimu, waliogoma ni wengi. Mbona kitabu kinaitwa Kuli, hakiitwi Makuli?"

Wanangu, kitabu hicho nilikuwa nimekisomesha sijui mara ngapi, na jalada lake nalijua kama mlango wa kwetu. Swali hilo halijapata kunipitia. Darasa likawaka. Msichana mmoja akasema ni kwa sababu gunia analibeba mtu mmoja, na mgongo unaouma ni wake peke yake, hata wakigoma elfu. Mwengine akasema la, "kuli" ndilo jina ambalo bwana anawaitia wote, hana haja ya kuwajua mmoja mmoja. Kijana wa Kojani akasema haya mawili hayagombani, kisha akafungua kitabu kutafuta mahala pa kutuonesha. Kengele ikalia yeye bado anafunua kurasa.

Mimi niko upande wa yule msichana, ila si kwa moyo wote. Naona mkono kule nyuma. Ndiyo, wewe mwenye buibui, karibu.