Mama alikuwa na kazi

Asalaam alaykum ndugu zangu, habari za huko nyumbani. Wengi mmeniandikia mkiuliza mbona niko kimya, na wengine mmeshasikia: mama yangu ametangulia mbele za haki. Arobaini yake imesomwa Tanga wiki hii, mimi nikiwa huku Reading, Uingereza. Mazishi pia sikuyawahi, maana kwetu maiti hailazwi kusubiri ndege. Asanteni kwa dua na rambirambi zenu, mmenishika mkono kwelikweli. Maswali yenu ya viza na ya kupanga nyumba huku Uingereza tutayarudia siku nyingine. Leo nataka nimzungumzie yeye.

Kuna jambo limenikaa rohoni. Msibani, kila aliyeinuka kumwelezea mama alisema, "Alikuwa na moyo." Ni kweli, alikuwa nao. Lakini nawaombeni mniruhusu niongeze: mama alikuwa na kazi. Kazi yenye ujuzi, yenye ratiba, yenye kumbukumbu za maandishi, aliyoifanya zaidi ya miaka ishirini bila mshahara. Tukitaja moyo peke yake, ile kazi inapotea, na anayekuja kesho kuifanya naye ataambiwa ajitolee tu kwa kuwa ana moyo.

Mama aliishi Makorora, Tanga mjini. Alitulea watoto watano kwa vitumbua. Mchele analoweka jana yake, alfajiri na mapema mkaa umeshawaka, na sisi tunaamshwa na harufu ya iliki. Hakuna aliyekwenda shule bila kunywa chai, na hakuna aliyelala bila daftari lake kukaguliwa, hata kama hesabu zenyewe mama hazijui. Anatazama kama umeandika, na kama mwalimu ametia vema. Vitumbua vikiisha anaoga, anavaa baibui, anapanda baiskeli yake. Watu wa Tanga mnaelewa, kwetu mwanamke juu ya baiskeli si habari. Kwenye kikapu cha mbele kuna kaunta buku, kalamu mbili, na utepe wa kupimia mkono wa mtoto. Anaingia mitaani.

Alianza miaka ya mwanzo ya elfu mbili, kwenye huduma ya wagonjwa majumbani. Mnaokumbuka kipindi kile mnajua. Dawa za kufubaza virusi vya ukimwi zilianza kutolewa bure kwenye kliniki zetu mwaka 2004, na kabla ya hapo watu walikuwa wanarudishwa nyumbani wakafie huko. Mgonjwa anawekwa chumba cha uani, sahani yake mbali, kikombe chake mbali, na ndugu wanaogopa hata kumgeuza. Mama alikuwa anaingia, anakaa kitandani, anamshika mkono kwanza, wote wakiona. Halafu anawafundisha wenyeji.

Nilikuwa nafuatana naye kumbebea ndoo. Nimemwona akimwonyesha kijana mmoja namna ya kumgeuza baba yake. Kunja goti la upande wa mbali. Mkono mmoja begani, mwingine kwenye nyonga. Mvute aje kwako, usimsukume, ukimsukuma anaogopa kuanguka. Umemgeuza, mtazame mgongo, mtazame kisigino, pakiwa pekundu na wekundu usitoke ukipabonyeza, kidonda kinakuja. Baada ya muda mgeuze tena.

Ndugu zangu, mimi huku nafanya kazi ya kutunza wazee. Nilipofika mafunzoni, mwalimu akatulaza mmoja wetu kitandani kutuonyesha namna ya kumgeuza mgonjwa. Goti, bega, nyonga, mvute kwako. Nilisimama pale machozi yananilenga. Kitu kilekile! Huku ukishamaliza unasaini kwenye faili saa uliyomgeuza na hali ya ngozi, na kila saa yako inalipwa. Mama naye alikuwa anaandika. Hiyo kaunta buku yake ndiyo faili.

Naomba niieleze, maana dada yangu alinionyesha kwa simu ukurasa mmoja mmoja. Mistari imepigwa kwa rula. Tarehe, nyumba, alichokikuta, alichokifanya, siku ya kurudi. Jina la mgonjwa halimo popote. Kila mtu ana alama yake: jani, samaki, ngazi, nyota. Alisema mtaani daftari likianguka lazima liokotwe na mtu, na siri ya mtu si ya kuanguka njiani. Kwa hiyo leo hakuna anayejua samaki ni nani. Mwenyewe ameondoka nayo.

Kuna ukurasa wa ngazi nimeusoma mara nyingi. Alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu. Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu ni miezi sita: miwili ya mwanzo dawa aina nne, minne inayofuata aina mbili. Sasa mtihani wake ni kwamba baada ya wiki kadhaa mgonjwa anapata nafuu. Kikohozi kimekata, mwili umerudi, anaona haja ya dawa imekwisha. Akiacha hapo, vijidudu vilivyobaki vinaweza kuwa sugu, na akirudi kuugua, dawa zilezile hazimsaidii tena. Mama alikuwa msimamizi wake, anakwenda kumwona akimeza. Mwezi wa tatu mama ameandika: "Amesema amepona. Hataki. Nimeondoka." Kesho yake: "Nimepeleka uji. Amekunywa uji." Keshokutwa: "Uji na vitumbua. Tumeongea mpira. Amemeza." Kuanzia hapo ni tiki mpaka mwezi wa sita, na chini kabisa: "Makohozi hayana vijidudu. Alhamdulillah."

Tumeongea mpira! Mama yangu hakuwa anajua Coastal Union, timu yetu ya Tanga, wanacheza na nani. Nina hakika aliuliza kwanza kijiweni kabla ya kuingia mle ndani. Huo ni ujuzi, jamani. Kujua kwamba leo usiitaje dawa kabisa.

Na watoto pia. Ule utepe una rangi tatu: ukizungushwa kwenye mkono wa juu wa mtoto ukasoma chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali, na mama hasubiri kesho, anampandisha mtoto baiskeli na mzazi wake wanakwenda kituo cha afya. Mtoto wa kuhara anaanzishiwa chumvi chumvi (ORS, ya kurudisha maji mwilini) hapohapo, anahimizwa kunyonya, na mama mtu anakumbushwa kuwa vidonge vya zinki vimalizwe hata kuhara kukikoma. Mwaka 2022, kampeni ya matone ya polio ilipopita nyumba kwa nyumba, magoti yake yalikuwa yameshachoka, na bado alikwenda.

Posho ilikuja mradi ulipokuja na ikaondoka mradi ulipoondoka. Mama hakulalamika. Mimi ndiye ninayelalamika, na nalalamika kwa sababu nampenda.

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii: 137,294 ndani ya miaka mitano, wawili kila kitongoji na kila mtaa, mwanamke na mwanamume, wenye mafunzo na posho. Mama alifurahi kama aliyeteuliwa yeye, ingawa umri ulishamtupa mkono. Alinipigia simu kunieleza. Akasema, "Sasa watalipwa, hawatakuwa wanachagua kati ya mgonjwa na jiko." Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akisema kwamba yeye alikuwa anachagua.

Kwa hiyo nyie mlioko huko, nawaomba: wahudumu wa mtaa wenu mnawajua? Mkutano wa mtaa ukiitwa, nendeni, ulizeni kama wamepatikana, wamesoma, posho inawafikia. Wale wakongwe waliofanya miaka yote bila kitu na sasa wamekaa vibarazani, ulizeni nani anawalipia matibabu.

Sisi watoto wake tumekubaliana sehemu ya rambirambi inunue makoti ya mvua, mabuti na tochi kwa wahudumu wa mtaa wetu. Makaunta buku hatuyatoi, siri za wagonjwa wake aliahidi kuzitunza, na ahadi ni ahadi. Ila utepe, na baiskeli ikishatengenezwa breki, binti aliyeko mafunzoni ameshaambiwa avifuate kwa dada.

Mwenyezi Mungu amrehemu mama yangu, ampanulie kaburi lake, amlipe yeye mwenyewe kila nyumba aliyoingia. Semeni amina, ndugu zangu. Tutaonana.