Mita 30 kutoka wapi?

Zaituni: Haya jamani, tuko hewani tena kutoka Mbale, mashariki mwa Uganda. Masaba, suruali imejaa matope mpaka magotini. Kulikoni?

Masaba: Natoka kwa mama, dada Zai. Jumanne walikuja vijana wawili na ndoo ya rangi nyekundu, wakamchorea X ya kubomolewa kwenye ukuta wa jiko. Mama alikuwa anamenya matooke, hawakumsubiri hata anawe mikono. Eti jiko limo ndani ya mita 30 za mto.

Zaituni: Pole yake mama. Lakini kanuni ya kingo za mito si ndiyo hiyo, ile ya mwaka 2000? Eneo linalolindwa kando ya mito mikubwa iliyoorodheshwa ni mita 100, mingine 30.

Masaba: Mita 30 kutoka wapi?

Zaituni: Kutoka pale maji yanapofika yakijaa kabisa.

Masaba: Wao walianzia maji yalipo leo, tena kwa hatua za miguu! Yule mrefu akafika kwenye mwembe, mfupi akaishia kwenye banda la kuku. Jiko liko katikati yao. Nikachukua kamba ya ng'ombe, nikaipeleka kwa fundi, nikafunga fundo kila mita. Tukapima, majirani wanaangalia. Jiko liko fundo la 33.

Zaituni: Basi kapona.

Masaba: Ngoja. Mzee mmoja akanishika mkono, akanionyesha doa la tope kwenye shina la ule mwembe, linanifika kiunoni. Akasema, "Mjukuu wangu, usiku wa Julai 30 mwaka 2022 maji yalifika hapa." Ukianzia hapo, jiko limo, nyumba imo, msikiti umo.

Zaituni: Na huyo mzee ndiye aliyepima sawasawa. Usiku ule mito ya Nabuyonga na Namatala ilichukua watu wetu, Masaba. Mama ahame.

Masaba: Ahamie wapi? Ana kiwanja hicho kimoja.

Zaituni: Watu wa Bududa, kule mlimani, walijengewa nyumba Bunambutye.

Masaba: Hao ni wa maporomoko ya ardhi. Wa mtoni, hapa mjini, wamejengewa wapi? Kinamasi cha Namatala kimegeuzwa mashamba ya mpunga, maji hayana pa kutulia, halafu X inaanzia kwa mjane! Sheria ya tabianchi ya 2021 inamruhusu mtu kuishtaki hata serikali Mahakama Kuu. Tuanzie huko.

Zaituni: Ile kesi ya watoto walioishtaki serikali kuhusu tabianchi ilifunguliwa 2012, ikaburuzwa miaka na miaka. Mvua itaisubiri kesi ya mama?

Masaba: Kwa hiyo abomolewe bila hata shilingi?

Zaituni: Sijasema bila shilingi. Nasema asilale pale msimu huu.

Masaba: Akiondoka kabla ya kulipwa, halipwi tena. Hapo sikubaliani nawe.

Zaituni: Wala mimi nawe.

*(Kimya.)*

Zaituni: Naonyeshwa vidole viwili, dakika mbili zimebaki. Tuliahidi mambo matatu kuhusu ile sheria: fedha, wilaya, na...

Masaba: Hayatoshi hapa. Tuyaache.

Zaituni: Tuyaache. Mama anaendeleaje lakini?

Masaba: Ameangika ungo juu ya ile X. Anapika.

Zaituni: Jumamosi nakuja kushika ncha moja ya kamba. Ila mimi naanzia kwenye mwembe.

Masaba: Na mimi majini.