Mwalimu Chips na Miaka Aliyokuwa Hapendwi

JUMA: Leo tunaizungumzia Goodbye, Mr. Chips, filamu iliyotengenezwa Uingereza mwaka 1939 na kuongozwa na Sam Wood, kutokana na riwaya fupi ya James Hilton. Dada Rehema, watu huitaja kama filamu ya mwalimu mpendwa, lakini nilipoitazama upya nilishangaa kuona kwamba kwa miaka mingi mwalimu huyo hapendwi na mtu.

REHEMA: Na chanzo ni woga, kaka. Siku yake ya kwanza katika shule ya Brookfield wanafunzi wanamfanyia fujo hadi anaaibika, kisha, kwa kuhofia asidharauliwe tena, anakuwa mkali kupita kiasi, hata anawafungia darasani wakati wa mechi ya kriketi. Tangu hapo wanamtii, lakini hakuna anayemkaribia.

JUMA: Mpaka anapokutana na Katherine, atakayekuwa mkewe, mlimani huko Austria, kwenye ukungu.

REHEMA: Ndiyo, na hapo ndipo nina neno. Katherine ndiye anayempa jina la Chips, ndiye anayewaalika wavulana nyumbani kunywa chai, na ndiye anayemhimiza afanye mzaha darasani. Upendo tunaomsifia mwalimu huyu ulifundishwa na mtu ambaye hakuajiriwa na shule, na filamu inamuua katika uzazi, yeye na mtoto, kabla hatujamzoea. Greer Garson anayemwigiza, ambaye hiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza, anaonekana kwa muda mfupi mno.

JUMA: Nakubali, ingawa nadhani ufupi huo ndio unaotufanya tuendelee kumtafuta katika kila tabasamu la mumewe. Robert Donat alikuwa na miaka thelathini na kitu tu, naye anamwigiza Chips tangu ujana hadi uzee wa miaka zaidi ya themanini, na unaona katika sauti yake, zaidi hata ya masharubu ya kubandika, kwamba mzee huyu amebeba mtu ndani yake. Hakuipata bure tuzo ya Oscar, mwaka ambao Clark Gable naye alikuwa akiishindania.

REHEMA: Kwangu mimi kilele ni Vita Kuu ya Kwanza. Chips, ambaye amekwisha kustaafu, anaitwa tena kwa kuwa walimu vijana wamekwenda vitani, na hatimaye anakabidhiwa ukuu wa shule. Akiwa mbele ya wanafunzi anasoma majina ya waliouawa, na miongoni mwao anamtaja Max Staefel, mwalimu wa Kijerumani aliyekuwa rafiki yake, aliyefia upande wa adui.

JUMA: Na wavulana wanatazamana, wasijue kama wamesikia vizuri.

REHEMA: Hapapazwi sauti pale, wala muziki haulazimishi machozi. Kumbuka kwamba filamu ilionyeshwa mwaka uleule ambao Uingereza iliingia tena vitani na Ujerumani. Mtu aliyewahi kuogopa kuchekwa na watoto wa shule sasa anasimama peke yake dhidi ya hasira ya taifa zima, akiwa na karatasi moja mkononi.

JUMA: Halafu anaikunja, na shule inaendelea na vipindi.