Kampala, siku ya pili

Shikamooni wazee wangu. Vijana, karibuni, huku mbele viti vipo.

Nimeombwa nizungumzie Vita vya Kagera, na hapa Ngamiani, Tanga, najua nasema mbele ya watu waliovipigana. Kwa hiyo mizinga sitaisimulia. Mapigano ya Lukaya mnayajua kuliko mimi. Nataka tuitazame siku iliyofuata ushindi, maana hiyo haina wasimulizi.

Novemba 1978 Mwalimu alitwambia uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Ikawa hivyo. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilikuwa mikononi mwetu. Palepale maduka yakaanza kuvunjwa. Aliyefunzwa kuvuka mto na kuteka kilima akaambiwa sasa alinde mtaa. Wengi walikuwa mgambo, vijana waliotoka shambani miezi michache nyuma. Nani aliwafundisha upolisi?

Serikali ya kumrithi Amin ilikuwa imetafutwa mapema, na kwa hilo nawasifu waliohusika. Mwishoni mwa Machi 1979, pale Moshi, kwenye reli yetu hii hii ya kaskazini, Waganda wa vikundi vingi walikutana, wakaunda UNLF, umoja wao wa ukombozi, na kumweka Yusuf Lule mbele. Lakini siku tatu za mkutano haziponyi ugomvi wa miaka minane ya uhamishoni. Lule alidumu urais siku 68. Akaja Godfrey Binaisa, naye akaondolewa Mei 1980 na Tume ya Kijeshi ya Paulo Muwanga, askari wetu wakiwa bado wamo nchini.

Wapo wanaosema kosa lilikuwa kumchagua Lule, wengine kumpendelea Obote, rais aliyepinduliwa na Amin. Mimi kosa naliona kwenye bunduki. Wapiganaji wa Uganda walioingia pamoja nasi hawakuwa jeshi moja. Kulikuwa na Kikosi Maalum, watu wa Obote, chini ya Tito Okello na David Oyite-Ojok. Kulikuwa na FRONASA, kundi la wapiganaji la Yoweri Museveni. Baada ya ushindi kila upande ukaenda kuandikisha vijana wake. Kwa jina likawa jeshi la taifa. Kambini kila kundi lilimsikiliza mkubwa wake. Wa kusema hapana alikuwa mmoja tu, sisi, na hatukusema kwa nguvu. Basi matokeo ya uchaguzi wa Desemba 1980 yalipobishaniwa, mlalamikaji hakukosa watu wa kushika silaha. Februari 1981 Museveni akaingia msituni.

Simlaumu Mwalimu kwa wepesi, wazee wangu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na jeshi la jirani likiingia mwaka wa pili, hata aliyelipokea kwa vigelegele huuliza linaondoka lini. Jirani akiamua, anaitwa mtawala. Akinyamaza, watu wanauana. Tayari Julai 1979, kwenye mkutano wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, huko Monrovia, Rais Nimeiri wa Sudan alikuwa ametushutumu kwa kuingia Uganda. Na fedha zilikuwa zimekwisha. Vita hukadiriwa kutugharimu dola milioni 500. Tuliombwa kufunga mikanda miezi 18. Ikapita, na foleni za sukari na sabuni zikarefuka. Mama zangu mliopanga foleni hizo, nanyi mlikuwa mkiilinda Kampala, ingawa hakuna aliyewavika nishani. Mwaka 1981 tukarudisha vikosi nyumbani.

Mzee mmoja, kabla sijasimama, ameniuliza: tungekaa zaidi, damu ya Luwero, kwenye vita hivyo vya msituni, isingemwagika? Sidhani, baba. Kukaa miaka mitano juu ya jeshi lililogawanyika kungetufanya na sisi upande mmojawapo. Kilichotakiwa ni kazi ya wiki za mwanzo: kuhesabu silaha, kufunga maghala, kuandikisha jeshi moja chini ya daftari moja.

Nitawapa mfano wa Moroto, kaskazini-mashariki ya Uganda. Mwaka 1979 askari wa Amin waliikimbia kambi yao pale, na ghala la silaha likabaki bila mlinzi. Wafugaji wa Karamoja wakalikomba. Mkuki wa kuibia ng'ombe ukawa bunduki ya rashasha, na wizi wa zizi moja ukawa mazishi ya kijiji kizima. Serikali ya Uganda ilianza kampeni kubwa ya kuzikusanya bunduki za Karamoja Desemba 2001. Miaka ishirini na miwili, kwa mlango wa ghala moja.